Nafasi Nane na Jina la Tisa

Jumapili, saa nne asubuhi. Kiangazi bado hakijakata. Upepo umeanza mapema na vumbi la Chechelesi, mtaa wetu hapa Isiolo, limeshaingia kwenye kibodi. Nimelipuliza mara mbili, kisha nimeliacha. Mgongo unauma kwa sababu ya lori. Moyo umetulia kuliko nilivyotarajia.

Nimekosea, na kosa lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka thelathini.

Wachache wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba nina maktaba. Si ya vitabu, ingawa vitabu vipo pia, chini ya kitanda, tangu mchwa walipokula rafu. Ni maktaba ya lugha ya C: faili mbili tu, mkoba.h na mkoba.c, zenye vipande vya programu nilivyoandika mara moja ili nisilazimike kuviandika tena. Wenye fani huviita fankisheni. Kuna ya kukata mstari kila penye koma. Kuna orodha inayojiongeza yenyewe ikijaa. Kuna ya kusoma faili nzima bila kujua mapema ina ukubwa gani. Kuna ya kusafisha neno, kuondoa nafasi tupu zilizobaki mbele na nyuma yake. Ni vitu vya kawaida. Kila mwandishi wa programu wa rika langu ana mkoba wa namna hii, na kila mmoja anaamini wake ni nadhifu zaidi.

Jina la kila fankisheni linaanza na mk_, kama alama iliyokatwa kwenye sikio la ng'ombe, ili likichanganyika na majina ya watu wengine ijulikane limetoka zizi gani.

Nilianza kuujenga mkoba huu Nairobi, katika idara ambako watu sita tulitumia mashine moja kwa zamu. Uliwahi kukaa kwenye disketi, kisha kwenye sidii, kisha kwenye flashi iliyoning'inia pamoja na funguo za nyumba. Nimehama mara tisa tangu tuondolewe Korbesa nikiwa mtoto. Katika kuhama huko viti vilibaki, sufuria zilibaki, na mara moja hata godoro lilibaki. Mkoba haukubaki hata siku moja. Sisemi hivi kwa majivuno. Nadhani mtu akishaondolewa mahali mara moja, huanza kupenda vitu vinavyobebeka.

Miezi minane iliyopita Kabale aliuomba.

Kabale ni binti wa marehemu dada yangu, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwalimu wa hesabu huko Korbesa na katibu wa kamati ya kisima cha pampu. Ananiita abuya, kaka wa mama, na hajawahi kuniita vingine. Kiangazi kikikolea, kundi la ng'ombe haliendi kisimani hivi hivi. Yupo msimamizi wa zamu, aba herega, anayesema nani atanywesha leo, nani kesho, nani kwanza, nani mwisho. Zamani aliyaweka yote kichwani. Siku hizi familia ni nyingi na zinakaa mbali, kwa hiyo hutuma majina kwa mesej, na Kabale aliandika programu ndogo ya kuyasoma majina hayo, kuyasafisha, kuyapanga na kuchapisha karatasi ya kubandikwa kwenye mlango wa nyumba ya pampu.

Aliponiomba nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Nilimtumia faili mbili kwa barua pepe, na juu yake mstari mmoja: Tumia vizuri.

Sikuandika kingine. Hapo ndipo kosa lilipolala.

Jumatatu iliyopita alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshamaliza kulia, sasa anataka kuhesabu. Alinieleza kwa mpangilio, kama mwalimu, nami naandika kwa mpangilio huo huo.

Yupo mjane anayeitwa Tume, mwenye ng'ombe kumi na wanne. Kwenye zamu ya Jumanne ya wiki iliyotangulia alikuwa wa kwanza kutuma jina, kwa hiyo alistahili kuwa wa kwanza kunywesha. Alitembea na ng'ombe wake siku mbili. Alipofika, jina lake halikuwa kwenye karatasi. Wa kwanza aliandikwa Huka. Wa tisa, ambaye ndiye wa mwisho, aliandikwa Huka tena. Huka mwenyewe hakulalamika: nusu ya kundi lake ilikunywa asubuhi, nusu nyingine jioni.

Asiye na jina kwenye karatasi hapewi maji. Anasubiri karatasi nyingine. Ndiyo sheria, na bila sheria hiyo watu wangepigana. Tume alisubiri siku tatu. Siku ya pili ng'ombe wake mmoja alilala chini na hakuinuka.

Na Huka ni ndugu wa mume wa Kabale.

Sihitaji kueleza watu walisema nini. Mesej ya Tume ilikuwepo kwenye simu ya Kabale, na hiyo ndiyo ilizidisha ubaya: jina lilipokewa, halafu likapotea, na mahali pake pakawekwa shemeji. Kamati ilikuwa ikutane Ijumaa baada ya swala kuamua mambo mawili. Je, Tume ahesabiwe kuwa aliruka zamu na kurudishwa mwisho wa foleni? Na je, Kabale aendelee kuwa katibu?

Alinitumia programu yake jioni ile. Niliifungua Jumanne asubuhi na kosa nikaliona kabla ya chai kupoa. Halikuwa kosa lake. Lilikuwa langu.

Nitalieleza mara moja, kwa maneno ya kawaida. Ile fankisheni ya kusafisha neno, mk_safisha, niliiandika kwenye mashine yenye kumbukumbu finyu. Ili isiombe nafasi mpya kila mara, niliipa nafasi nane za kudumu, ikawa inazitumia kwa mzunguko. Neno la kwanza linawekwa katika nafasi ya kwanza, la nane katika nafasi ya nane, na la tisa linarudi katika nafasi ya kwanza na kufuta lililokuwemo. Tena hairudishi neno lenyewe. Inarudisha anwani ya mahali neno lilipo. Ukitaka kubaki na neno, linakili upesi mahali pako mwenyewe. Usipolinakili, umebaki na anwani tu, na siku moja utakuta anwani ile ina mtu mwingine.

Mimi sikuwahi kuhitaji zaidi ya maneno manne kwa wakati mmoja. Nane yalionekana mengi.

Kabale alihifadhi anwani bila kunakili maneno. Kwa miezi yote ile zamu moja haikuzidi familia nane, na karatasi zilitoka sawa. Kiangazi kilipokaza, familia ya tisa iliongezwa. Jina la Huka likawekwa mahali lilipokuwa jina la Tume. Programu ilipotakiwa kuandika wa kwanza ni nani, ilikwenda kwa utii kwenye anwani ile ile ya kwanza, ikasoma Huka.

Mtu angesema Kabale alipaswa kujua. Angejuaje? Kanuni ilikaa kichwani mwangu miaka yote hiyo. Kwenye faili nilikuwa nimeandika maelezo marefu juu ya namna ya kukata mstari penye koma, na juu ya jambo hili sikuandika hata neno moja.

Naungama hapa kwamba marekebisho yalikuwa mistari minne, na kwamba niliyaandika, nikayaambatisha kwenye barua pepe, na katika barua nikaandika: "Kumetokea hitilafu ndogo ya kiufundi, waeleze." Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nilikuwa tayari kumwacha mtoto wa dada yangu asimame peke yake mbele ya kamati akiwa na maneno hayo mkononi.

Kilichonizuia si ujasiri. Ni chombo cha kukamulia maziwa.

Tulipoondolewa Korbesa, mifugo yetu ikiwa imekwisha na serikali imetukusanya ndani ya uzio pamoja na wengine, jamaa mmoja wa baba alileta ng'ombe akamfunga mlangoni petu. Sisi Waborana tunaita dabare: unaazimwa ng'ombe, unakamua, maziwa ni yako, lakini ng'ombe na ndama wake ni mali ya mwenyewe. Kwa kawaida husemwa mbele ya watu, ili aliyepewa ajue na majirani wajue. Yule jamaa hakusema kitu. Alifunga kamba akaenda zake. Mama akampa ng'ombe jina. Baada ya miezi kadhaa jamaa alikuja asubuhi, akafungua kamba na kumpeleka ng'ombe kwenye nyumba nyingine ambako kulikuwa na mtoto mchanga. Hakuiba. Ng'ombe alikuwa wake, na nyumba ile ilikuwa na shida kuliko yetu. Lakini mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka na chombo mkononi. Alisimama nacho pale mlangoni, kisha akakirudisha ndani na kukitundika.

Nakumbuka chombo kuliko ninavyomkumbuka ng'ombe.

Miaka yote hiyo baadaye, Nairobi, nilikaa mbele ya mashine nikamwandika yule jamaa kwa lugha ya C, na nikaona ni kazi nzuri.

Nilifuta barua pepe. Alhamisi alfajiri nikapanda lori la unga linalokwenda upande wa Merti. Dereva alinipa kiti cha mbele kwa sababu ya mvi. Tulipita Gotu jua likiwa limeshapanda. Tangu tuondolewe nimerudi Korbesa mara tatu, zote kwa mazishi. Kila mara walinichinjia mbuzi, wakaniwekea kiti cha pekee, na asubuhi wakanisindikiza hadi kwenye gari. Nilikuwa nikirudi mjini nikifikiri kwamba wananiheshimu sana.

Ijumaa baada ya swala kamati ilikaa kwenye kivuli cha nyumba ya pampu. Karatasi yenye Huka wawili bado ilikuwa imebandikwa mlangoni. Aba herega ni mtu wa miaka hamsini hivi anayeitwa Jarso, mwenye filimbi shingoni ambayo anawapulizia mbuzi na watu bila kubagua. Nilitoa salamu, wakaitikia.

"Huyu mzee amekuja na laptopu kwa kisima," Jarso alisema. "Ng'ombe hainywi hiyo."

Walicheka. Kabale hakucheka. "Ni abuya yangu," alisema. "Kuna sehemu ya programu imetoka kwake."

"Aah, kumbe ni wewe uliniandika mara mbili!" Huka alisema. Ni mtu mnene, mchangamfu, na sidhani ana ubaya. "Asante sana mzee. Wiki ijayo niandike tatu."

Safari hii alicheka peke yake.

Tume alikuwa amekaa pembeni, fimbo imelala magotini. "Mimi nilituma jina Jumamosi," alisema, bila kumtazama mtu. "Nilituma wa kwanza. Mkicheka mcheke, lakini hiyo muandike."

Nilifungua laptopu, nikatazama skrini kwenye mwanga ule, nikaifunga. Niliwaambia wachukulie kwamba nina ng'ombe wanane wa dabare. Kabale ameniletea familia nane, nami nimeipa kila familia ng'ombe mmoja. Halafu ameleta ya tisa. Wa kuwapa sina. Basi nimekwenda kwa familia ya kwanza, kwa Tume, nikafungua kamba kimya kimya, nikampeleka ng'ombe kwa Huka. Kabale hajui. Akiandika karatasi yake anawafuata ng'ombe, hafuati nyumba. Anakwenda kwa ng'ombe wa kwanza, anamkuta kwa Huka, anaandika Huka. Anapita kwa wengine wote. Mwisho anaambiwa wa tisa ana ng'ombe yule yule wa kwanza, anakwenda, anamkuta kwa Huka, anaandika Huka.

Sikumaliza. Walikuwa wameshaelewa. Jambo hili niliwahi kuwaeleza vijana wenye shahada, kwa michoro ubaoni, tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, na bado walinitazama kwa huruma.

Lakini Jarso hakutikisa kichwa kukubali kama wengine. Alikuwa anaizungusha filimbi kwenye kamba yake.

"Ngoja. Ulipompa Kabale hiyo kitu, ulimwambia ni ya dabare?"

"Sikumwambia."

"Ulimpa tu."

"Nilimpa tu."

"Mbele ya nani?"

"Hapakuwa na mtu."

Jarso aliwageukia wenzake. "Sasa huyu mwalimu ako na kosa gani? Kama hujaambiwa ni ya kuazima, si hiyo umepewa? Yeye amekaa nayo kama yake."

Hakuna aliyebisha. Kabale aliangalia chini na kuanza kupanga karatasi zake, ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ikaamuliwa haraka: atabaki katibu. Tume ataandikwa wa kwanza kwenye zamu inayofuata, na Huka, kwa kuwa alinywesha mara mbili, zamu hiyo ataikosa.

"Na mimi nilikuwa nimefanya nini?" Huka aliuliza.

"Ulinyamaza," Tume alimjibu.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Na ng'ombe yangu iliyoanguka?"

Huka ndiye aliyedakia, na nadhani alitaka kunisaidia. "Mzee ni mgeni, jamani. Ametoka Isiolo na lori ya unga, na mgongo yake hiyo. Mgeni si tunasamehe?"

"Mgeni tunasamehe," Jarso alisema. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta alama kwenye sikio. "Wewe ni wa nani?"

Nilitaja jina la baba. Nikataja la babu. Aliniuliza zizi letu lilikuwa wapi, nikamwonyesha kwa mkono: kule mto unapojikunja, upande wa huku. Sikujua kwamba mkono wangu bado unajua. Mzee mmoja nyuma akasema ni kweli, hata mawe ya zizi yapo.

"Basi si mgeni," Jarso alisema. "Atoe mtamba."

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Kabale aliinuka, akasema abuya ana miaka sabini na mitatu na anaishi kwa pensheni. Jarso akamwambia akae: mwenye makosa ni yule yule, hata akiwa na miaka mia. Tume akaongeza kwamba mtamba awe anayeweza kutembea mwenyewe, maana yeye hana nguvu za kubeba ng'ombe wa mjini. Wakacheka, na filimbi ikapulizwa. Mkutano ukaisha hivyo.

Hakuna aliyenichinjia mbuzi. Nilikula ugali na maharagwe kwa Kabale, na mtu mmoja alipita akaniuliza kwa nini sijaenda kusaidia kusukuma pipa. Nikaenda. Ndiyo sababu ya mgongo, lori nalisingizia.

Tangu alfajiri nimeufungua mkoba. Nimeigawa mk_safisha kuwa mbili. Moja inampa anayeiita nafasi yake mwenyewe, abaki nayo hadi atakapoiachilia. Nyingine ni ile ya zamani yenye nafasi nane, na nimeibadilisha jina kuwa mk_safisha_azima, asiwepo mtu wa kuichukua bila kujua. Juu yake nimeandika maelezo ambayo yalipaswa kuwepo tangu mwanzo: Unachopewa hapa si chako. Linakili neno kabla ya kuita mara ya tisa. Kisha nimepitia fankisheni zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, na juu ya kila moja nimeandika nani mwenye kumbukumbu na nani wa kuiachilia. Katika tatu sikukumbuka jibu, ikabidi nisome nilichoandika mwenyewe kama mtu anayesoma cha mwingine.

Kabale ameshajenga upya programu yake. Ameijaribu kwa majina ishirini. Tume ni wa kwanza.

Siku ya mnada nitashuka kutafuta mtamba mwenye miguu mizuri. Hautakuwa ununuzi mwepesi kwangu, lakini nimeshaamua kiuzwe nini chumbani, na si mkoba. Nitapanda naye lori mimi mwenyewe hadi Korbesa. Nitamkabidhi kwa Tume pale kisimani, saa ambayo watu ni wengi, Jarso akiwepo na Huka akiwepo, na kabla sijaachia kamba nitasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni pa pampu kwamba huyu si wa dabare.